Mpira Namba Kumi na Nne

Baba alitupigisha pasi nguo Jumamosi ile
kana kwamba tunakwenda kipaimara.
Makumbusho yenyewe: stoo ya zamani ya kahawa, Rau, nyuma ya shule,
bati limeota kutu upande wa mvua,
na kibao kilichoandikwa kwa mkono:
BESIBOLI. MKUBWA ELFU MOJA, MTOTO MIA TANO. USIGUSE.

Mwalimu Anaeli alijaribu funguo tatu kwenye kufuli moja.
Ndani, harufu ya magunia ilikuwa haijakubali kuhama.

Tukaona glavu ya ngozi, imejikunja
kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.
Aikande akauliza kama ni ya kuepulia sufuria.
Tukaona gongo la mpera, jina limechomwa kwa msumari wa moto;
vituo vinne vilivyoshonwa kwa gunia;
daftari la alama, nyuma ya jalada jedwali la kuzidisha;
na picha ya vijana tisa
wenye viatu vya watu sita.

Wa pili kutoka kushoto ni baba,
mwembamba, masikio yametangulia mwili.
Alijitazama muda mrefu
kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake.
Kisha akaeleza. Akaeleza!
Mrushaji husimama hapa, mpigaji pale,
ukikosa mara tatu umekufa,
ukigusa kituo kabla ya mpira uko hai,
na lengo la yote, wanangu, ni kurudi nyumbani.

"Nawe ulikuwa unarudi saa nne usiku," alisema mama.
Neno lake la kwanza tangu mlangoni.

Alikuwa ameinamia meza ya mwisho,
penye mpira uliogeuka rangi ya chai ya maziwa,
nyuzi nyekundu, na kadi:
NA. 14. MPIRA WA MECHI YA KWANZA.
"Hii ni rede," alisema. "Rede yenye gongo."

Baba akacheka. Hakupaswa kucheka.
Sisi tulikuwa hatujui bado kwamba Majengo, enzi zake,
watoto walimwita Ndeshukurwa Chozi,
kwa kuwa mpira wake wa soksi ukikupata mgongoni
chupa unaiacha na mchanga nusu,
unakwenda kulia kwenu.

Mwalimu Anaeli, aliyekuwa amepata wageni wanne mwezi ule,
na wote wanne ni sisi,
alikitazama kibao cha USIGUSE,
akakitazama tena,
akasema: "Mmoja tu. Taratibu."

Nje, mlima ulikuwa umejifunika gubigubi.
Baba akavaa glavu, akachuchumaa.
Mama akavua viatu vya kanisani,
akajifunga khanga kiunoni juu ya gauni,
akageuka ubavu kidogo
kama anayepisha mtu mlangoni.

Mkono sikuuona.
Nilisikia tu hewa ikichanika kama kitambaa dukani.
Mpira ulipita juu ya baba,
juu ya ua wa michongoma,
juu ya ng'ombe mmoja aliyeinua kichwa,
ukaingia katika kahawa ya mzee Kiwia,
na kahawa ikafunga mdomo.

Tulitafuta mpaka adhuhuri ikatupita.
Tulipata kandambili ya kushoto, mayai ya kanga,
na kijiko ambacho mzee Kiwia alisema kimepotea tangu msiba wa mama yake.
Mpira, hapana.
Baba alikuwa akipekua majani huku akitabasamu chinichini,
kama mtu aliyeoa mara ya pili, mke yuleyule.
Mama alitoa elfu kumi.
Mwalimu aliikataa kwa mikono miwili.

Mwaka huu nimewapeleka wanangu.
Glavu ipo. Gongo lipo. Bati jipya.
Mwalimu tumeshamzika, anafungua mjukuu wake,
kwa ufunguo mmoja.
Kwenye meza ya mwisho hakuna kitu,
ila kadi, mwandiko wa mwalimu, wino umeanza kufifia:

NA. 14. MPIRA.
UMERUSHWA NA MAMA NDESHUKURWA WA MAJENGO.
BADO HAUJATUA.